NUKTA ISIPOTEE: JINSI YA KUTUMIA SKANA NYUMBANI





Wanafunzi wetu wapenzi, na wazazi mnaosoma jarida hili pamoja na watoto wenu, somo letu la mwaka huu ni la ufundi. Tutajifunza namna ya kutumia skana ya mezani pamoja na kompyuta ya nyumbani. Huenda mtu akauliza: skana ina uhusiano gani na madrasa? Kabla ya kujibu, tunaomba tuwasimulie yaliyotufika sisi wenyewe.

YALIYOTUFIKA

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alifariki na kuacha daftari. Humo alikuwa akiandika mambo yake kwa Kiswahili, lakini kwa herufi na tarakimu za Kiarabu, kama walivyozoea wazee wengi wa pwani. Aliandika tarehe za kuzaliwa wanawe, dua, na madeni aliyokuwa akidai na aliyokuwa akidaiwa. Warithi wake walituletea daftari hilo tulitolee nakala kwa skana yetu. Tulikuwa na haraka, na flashi yetu ilikuwa ndogo. Tukachagua nyeusi na nyeupe tupu, na ukali wa picha tukaushusha chini ili faili ziwe nyepesi. Kazi ikamalizika kwa saa moja. Tukarudisha daftari, tukashukuriwa.

Masika yalipoingia, paa la nyumba ile likavuja juu ya sanduku. Daftari likarowa na wino ukayeyuka. Zikabaki nakala zetu tu.

Siku moja mtoto mkubwa wa marehemu alikuja na karatasi mkononi. Akasema, "Maalim, hebu nitazamie hapa. Baba alikuwa akidaiwa pishi za mpunga. Hii ni mbili au ishirini?"

Tuliangalia, tukanyamaza. Katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta tu. Mbili huandikwa ٢, na ishirini huandikwa ٢٠. Kwenye nakala yetu ilionekana ٢ peke yake, lakini mbele yake palikuwa na nafasi. Je, Mzee aliandika nukta pale, wino ukafifia, na skana ikaifuta? Au hapakuwa na kitu? Mwenye kudai naye alikwisha kufa. Mjane wake alisema anakumbuka ulikuwa mpunga mwingi, lakini kuapa hawezi.

Sote tunajua kwamba deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Yule kijana aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Tutalipa ishirini. Afadhali sisi tupungukiwe kuliko baba yetu abaki na deni." Akalipa, wala hakutulaumu. Lakini sisi tulijilaumu, kwa sababu tulipewa amana na tukaifanya kwa haraka.

Hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Skana ni chombo chepesi kutumia, lakini mwenye kuitumia bila ya uangalifu anaweza kupoteza nukta iliyokuwepo au kuongeza nukta isiyokuwepo. Na nukta moja, kama mlivyoona, ni pishi kumi na nane za mpunga.

SKANA HUFANYAJE KAZI?

Skana ya mezani ni kisanduku bapa chenye kioo juu na kifuniko. Chini ya kioo kuna mkono unaokwenda kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkono huo una taa na vihisio vidogo vidogo vilivyopangwa mstari. Taa humulika karatasi, mwanga hurudi kwenye vihisio, na kila kihisio hupima mwanga huo ni mwingi kiasi gani. Mahali peupe hurudisha mwanga mwingi, na penye wino hurudisha mchache. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa namba na kupelekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na kompyuta huvipanga vikawa picha.

Kwa ufupi, skana haioni maneno. Inaona nukta za mwanga na giza. Herufi nzuri ya babu yako na doa la chai kwake ni kitu kimoja.

Kuna aina mbili zinazopatikana zaidi. Ya kwanza ni nyembamba na nyepesi, na nyingi katika hizo hupata umeme kupitia waya wa USB wenyewe. Hii husoma vizuri karatasi iliyolala sawasawa juu ya kioo, lakini karatasi ikiinuka kidogo tu maandishi huwa na ukungu. Ya pili ni nene, ina vioo na lenzi ndani, na huwa na waya wake wa umeme. Hii husoma hata mahali palipoinuka kidogo, kama vile katikati ya kitabu karibu na mshono. Kwa vitabu vya zamani, hii ya pili ni bora.

MATAYARISHO

1. Weka skana juu ya meza iliyo sawa na isiyotikisika. Baadhi ya skana nene zina kufuli ndogo ya kuzuia mkono usitembee wakati wa kusafirishwa. Ifungue kabla ya kuwasha, la sivyo utasikia mkwaruzo na mkono hautokwenda.

2. Weka programu ya skana kwenye kompyuta. Kompyuta za siku hizi mara nyingi huitambua skana mara tu waya unapochomekwa. Kwa skana za zamani soma kwanza maelekezo, kwani nyingi hutaka programu iwekwe kabla ya kuchomeka waya. Ikiwa skana ni ya zamani na mtengenezaji hakutoa programu ya kompyuta mpya, usiitupe. Kwa wanaotumia Linux kuna mfumo wa SANE unaozitambua skana nyingi za zamani.

3. Safisha kioo. Hili ni jambo dogo lakini lina uzito. Punje moja ya vumbi juu ya kioo huonekana kama nukta, na kwa kuwa kioo hakibadiliki, nukta hiyo itatokea mahali pale pale katika kila ukurasa. Ikiangukia mbele ya tarakimu, mbili imekuwa ishirini! Tumia kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo sana. Usimwagie maji au dawa juu ya kioo, kwani hupenya pembeni na kuingia ndani. Lowesha kitambaa, usiloweshe kioo.

4. Osha mikono na uikaushe vizuri. Mafuta ya vidole huchafua kioo na karatasi pia.

KUWEKA KARATASI

Ukurasa huwekwa kifudifudi, maandishi yakitazama kioo. Kwenye kona moja ya skana kuna mshale au alama, na hapo ndipo kona ya karatasi inapowekwa. Skana nyingi hazisomi ukingo kabisa, hivyo ikiwa maandishi yamefika mwisho wa karatasi, isogeze ndani kidogo.

Ikiwa karatasi ni nyembamba, maandishi ya upande wa pili hupenya na kuonekana kama kivuli. Dawa yake ni rahisi. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa kabla ya kufunga kifuniko. Kifuniko cheupe hurudisha mwanga na kuyaonyesha maandishi ya nyuma, bali karatasi nyeusi huumeza mwanga huo.

Ama kitabu cha zamani, usikikandamize ili kilale, wala usikate mshono wake. Kitabu kilichokaa miaka mingi kinaweza kuvunjika mgongo kwa mkandamizo mmoja. Laza upande mmoja juu ya kioo, na upande wa pili uuegemeze juu ya vitabu vilivyopangwa hadi kimo cha kioo. Ukiona mgongo umeanza kulia, acha mara moja. Kitabu cha namna hiyo kipigwe picha kwa simu au kamera kutoka juu, kikiwa kimefunguliwa nusu, penye mwanga wa mchana usio na kivuli. Picha ya simu mara nyingi haiko sawasawa kama ya skana, lakini ni afadhali kuliko kukiua kitabu kwa ajili ya kukitengenezea nakala.

Na ikiwa ni msahafu, adabu zake mnazijua: udhu, mahali safi, na kutoweka kitu juu yake. Usirundike vitu juu ya kifuniko ili kuubana.

KUCHAGUA VIPIMO

Hapa ndipo sisi tulipokosea, kwa hivyo someni sehemu hii kwa makini. Kabla ya kuskani, bofya kitufe cha kutazama kwanza, ambacho kwenye programu nyingi kimeandikwa Preview. Skana itapita haraka na kukuonyesha ukurasa ulivyokaa. Chora mpaka kuzunguka ukurasa mzima, pamoja na pambizo, kwani wazee waliandika mambo mengi pambizoni. Kisha chagua mambo mawili.

La kwanza ni aina ya picha. Kuna tatu:

(a) Nyeusi na nyeupe tupu. Hapa mashine hulazimika kuamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Wino uliofifia huhukumiwa kuwa mweupe, na doa huhukumiwa kuwa jeusi. Inafaa kwa karatasi mpya iliyochapwa kwa printa. Haifai kabisa kwa mwandiko wa mkono wa zamani.

(b) Kijivu. Kila nukta hupewa kiwango chake kati ya ngazi 256 kutoka nyeusi hadi nyeupe. Wino uliofifia hubaki ukionekana, japo kwa udhaifu.

(c) Rangi. Hii huonyesha pia tofauti ya wino mweusi na mwekundu, na tofauti ya wino na doa la kutu au chai. Kwa daftari la mkono chagua hii.

La pili ni ukali wa picha, unaohesabiwa kwa nukta katika kila inchi na kuandikwa kwa herufi dpi. Tuifanye hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4. Kwa dpi 300, kila nukta ya skana ina upana wa takriban milimita 0.085. Nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita itapimwa na nukta kama sita kwa upana wake, hivyo itaonekana vizuri. Kwa dpi 100 itapimwa na nukta mbili tu, na wino ukiwa hafifu basi imekwenda.

Mkumbuke kwamba herufi zetu za Kiarabu hutegemea nukta kuliko herufi za Kilatini. Herufi za ba, ta na nun katikati ya neno zina umbo moja, hutofautishwa na nukta tu. Andika بَبَ ni baba, andika بَتَ ni bata. Akipotea mwenye nukta, baba na bata hawatambulikani!

Mwenye pupa atasema, basi tuweke dpi kubwa kuliko zote. Hapana, kila jambo lina kiasi chake. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani kama milioni 8.7. Kabla ya kubanwa, ukurasa huo huchukua takriban MB 1 kwa nyeusi na nyeupe, MB 8.7 kwa kijivu, na MB 26 kwa rangi. Ukipandisha hadi dpi 600, nukta huongezeka mara nne, na ukurasa wa rangi huwa zaidi ya MB 100. Kwa mwandiko wa kawaida dpi 300 inatosha. Kwa mwandiko mdogo, uliofifia, au wenye irabu nyingi, tumia 400 au 600. Na ukiona kwenye kasha pameandikwa namba kubwa ajabu, tazama ile iliyoelezwa kuwa ya lenzi yenyewe. Nyingine ni kompyuta inayokisia nukta za katikati, na kukisia si kuona.

KUHIFADHI

Skani ukurasa mmoja mmoja na uuhifadhi hapo hapo, kwani umeme hauna miadi. Faili la asili lihifadhi kwa aina ya TIFF, ambayo kwa kawaida haipotezi kitu. Aina ya JPEG ni nyepesi, lakini hutupa sehemu ya picha ili ipunguze uzito, na kila ukiirekebisha na kuihifadhi upya hutupa tena. JPEG au PDF ni za kuwatumia jamaa, si za kuwekea akiba.

Toa majina yanayoeleweka yenye namba za tarakimu tatu, kama daftari-001, daftari-002, ili ukurasa wa kumi usije ukatangulia wa pili. Na kumbuka, kitabu cha herufi za Kiarabu huanza kulia. Wanafunzi wengi huanza upande waliozoea kwenye vitabu vya skuli, na mwisho wa kazi kitabu kizima kinasomeka kinyumenyume.

Weka nakala mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski au flashi, na nakala moja katika nyumba nyingine. Paa linalovuja haliharibu nyumba mbili kwa pamoja.

MUQABALA

Wanavyuoni wetu wa zamani walipokwisha kunakili kitabu hawakusema kazi imekwisha. Walikaa na kulinganisha nakala na asili yake neno kwa neno, na kazi hiyo waliiita muqabala. Zayd bin Thabit (R.A.), alipoamrishwa na Sayyidna Abubakar (R.A.) kukusanya Qur'ani baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, alikuwa mwenyewe ameihifadhi, lakini hakutosheka na hifdhi yake peke yake. Alitafuta maandishi na mashahidi. Huo ndio uangalifu tunaotakiwa kuufuata, hata katika mambo yetu madogo.

Basi nanyi fanyeni muqabala. Wawili wakae pamoja. Mmoja ashike daftari na kusoma kwa sauti, mwenzake afuate kwenye skrini, akikuza picha mpaka nukta zionekane. Penye shaka skani upya. Hili lifanywe kabla ya kurudisha kitabu kwa mwenyewe. Lau tungelifanya sisi, kwa nusu saa tu, yule kijana asingepata taabu.

AMANA NA ADABU

Kwanza, omba ruhusa. Barua za watu zina siri zao. Kuskani ulichopewa hakukupi haki ya kukisambaza kwenye simu za mtaa mzima.

Pili, usibadilishe kitu. Ukitaka kuongeza mwanga ili wino usomeke, fanya kwenye nakala ya pili, na faili la asili liache lilivyo. Kubadilisha tarehe au jina katika cheti ni udanganyifu na ni kosa la jinai.

Tatu, usitupe asili kwa sababu umepata nakala. Picha haitoi harufu ya karatasi wala haionyeshi alama ya kalamu ilivyozama. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha huko Lamu vilitengenezewa nakala za kidijitali kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Mpango huo unataka vitabu vyenyewe visiondoke katika nchi yao. Nakala husafiri, asili hubaki na wenyewe. Nasi tufanye hivyo hivyo: daftari lirudi sandukuni, likae pakavu, mbali na mchwa na mvua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini aina ya nyeusi na nyeupe tupu haifai kwa daftari la mkono la zamani?
2. Nukta ya kalamu ina upana wa milimita moja. Kwa dpi 300, itapimwa na nukta ngapi za skana kwa upana wake?
3. Ukiona nukta mahali pale pale katika kila ukurasa, sababu yake ni nini, na utafanya nini?
4. Eleza maana ya muqabala, na namna ya kuifanya kwa skana.
5. Zoezi la nyumbani: Waulize wazee wako kama kuna barua, daftari au kitabu cha mkono nyumbani. Usikichukue. Waombe wakuonyeshe, uandike ni kitu gani, kina kurasa ngapi na kina hali gani, kisha mlete orodha kwa walimu wenu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu yule Mzee, amlipie madeni yake yote, tunayoyajua na tusiyoyajua, na atusamehe kwa nukta tuliyoipoteza. Amin.

Wabillahi Tawfiq.